Stempu Niliyolishwa Barierani

Mama niliyekaa kwake mjini Baraka, kando ya ziwa, alikuwa ameshaiua simu yake. Kuna mtu alimpigia akasema binti yake amepatikana upande wa Tanzania, yuko hospitalini, anateseka. Ndani ya simu sauti ya kike ikalia, ikamwita mama. Akauza mbuzi, akatuma alichopata. Baadaye ikaja simu nyingine: binti yuleyule, sauti nyingine, ugonjwa mwingine. Akaitupa simu ndani ya kinu, akashika mchi, akaitwanga mbele ya majirani mpaka kioo kikawa unga. Nilipofika nyumbani hapo nikitokea machimboni, kitu cha kwanza nilichoonyeshwa ni kinu hicho, kimepasuka ubavuni.

Mimi niliacha shule mapema. Shule yetu huko Fizi ilichomwa, mwalimu akakimbia, na ilipofunguliwa tena nilikuwa nimeshazoea barabara. Nimepakia boti, nimechimba dhahabu, nimeendesha pikipiki za watu. Sikai mahali, na kila ninapopita nauliza maswali hadi watu wanachoka. Kwa yule mama nilichokiuliza ni bati la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na stempu, ambazo huku kwetu tunaziita tembre. Marehemu mume wake alikuwa karani wa posta enzi za Zaire, na alikuwa na ugonjwa wa kukusanya. Alibandua stempu kwenye bahasha za watu, akanunua nyingine, akapewa nyingine na mapadri, na alipohamia kijijini aliliacha bati hapa Baraka kwa kaka zake. Kulikuwa na chui, samaki, wakubwa waliopinduliwa, na maua ya Wabelgiji.

Nilidhani ni za kutazama tu. Akacheka.

"We, hizi zinafanya kazi kila siku. Kuliko we."

Akanieleza. Barua za huku hazipiti posta tena, zinapita mikononi mwa watu: mabaharia, wachuuzi, watu wa safari kama mimi. Lakini mbebaji anaweza kuitupa barua ziwani akarudi na salamu za kubuni. Kwa hiyo familia kadhaa za Baraka, ambazo watu wao wamekimbilia ng'ambo, zimeweka utaratibu wao. Mwenye barua anachagua stempu ya zamani, isiyopatikana dukani wala sokoni, anaing'ata pembeni kwa meno yake, anaibandika kwa uji wa muhogo. Anayepokea anailowesha, anaibandua, anamrudishia mbebaji. Stempu ikirudi na alama ya meno, basi mtu yupo na anapumua. Isiporudi, watu wa nyumba wanaanza kunong'ona, na baada ya muda wanatandika mikeka ya matanga. Stempu moja ya chui, alisema, ilikuwa imevuka ziwa mara nyingi kuliko boti yoyote ya Baraka, na uso wa chui ulikuwa umefutika.

Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kupeleka yoyote kwa binti yake, kwa sababu hakujua aliko. Kijiji chao cha milimani, juu ya Fizi, kilishambuliwa asubuhi watu wakiwa wanaelekea mashambani. Nyumba zilichomwa na watu ndani. Mume wake alikatwa shingo mlangoni. Mama na binti walitimka pamoja bondeni, kisha mama akafika Baraka peke yake. Alivyosimulia ni kwamba walipotezana ndani ya moshi. Kila alipofika hapo alisimama kutafuta kazi ya mikono.

Halafu mwanamke mmoja aliyerudi kutoka kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, akasema amemwona binti kwa macho yake, au mtu aliyefanana naye sana. Mashemeji walikuwa tayari wanataka matanga, ili roho ya binti itulie na mali yake igawanywe. Mama akawaambia wasubiri stempu. Isiporudi, alisema, atanyoa nywele za matanga mwenyewe wala hatawasumbua tena. Akachagua ua la rangi ya zambarau, kwa kuwa binti alipokuwa mdogo alilia akitaka kulila. Akaling'ata kona, akalibandika, akanipa barua.

"Usirudi na maneno," akasema. "Rudi na tembre."

Nilivuka. Kambini niliuliza mlango kwa mlango, na kuuliza ndiyo kazi pekee ninayoiweza vizuri. Nilimkuta anakata kuni. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye kovu refu kwenye mguu, kuanzia gotini hadi karibu na kifundo. Nilipomtajia mama yake, shoka lilishuka likakita kwenye kigogo, halikung'oka.

"Iko hai?"

"Iko Baraka. Amekutumia barua."

Aliichukua bahasha, hakuifungua. Akaingiza pembe yake kwenye kata ya maji, akasubiri, akabandua stempu kwa ukucha taratibu kama anayetoa mwiba. Nikafikiri mambo yamekwisha vizuri. Kisha akaipasua barua mara nyingi, pamoja na bahasha, akatupa vipande motoni.

"Mupelekee tembre yake. Ajue mi niko. Halafu umwambie hivi: nilivunjika muguu kwenye mteremuko, nikamwita, akageuka akaniona. Kichwani alibeba sufuria. Hakuitua. Alienda na sufuria yake. Mwambie sufuria hiyo ndo ifanye matanga yangu."

Nikasema labda mama alichanganyikiwa, risasi zilikuwa zinalia. Hapo ndipo aling'oa shoka. Nilikimbia. Alinifuata hadi kwenye njia kubwa, watu wa kambi wakishangilia, na mwishoni akanirushia kipande cha kuni kilichonipata mgongoni. Nilikuwa na stempu ndani ya mkunjo wa kitambulisho changu, na nikaamua palepale kwamba mama atapata stempu tu. Hayo mengine nitayaacha ziwani.

Tuliporudi, boti haikutia nanga Baraka. Kulikuwa na milio ya risasi ufukweni, nahodha akageuza, akatushusha Mboko. Nikachukua motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anipeleke kwa barabara. Tulienda vizuri hadi tulipokuta bariera, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili kuzuia njia. Wapiganaji walitoka kwenye mihogo. Kando ya njia walilala wanaume wawili, mikono imefungwa nyuma kwa kamba za nailoni, na mmoja wao hakuwa anapumua tena. Nzi walikuwa wameshamjua.

Walimwangusha motari kifudifudi, mmoja akaweka buti shingoni mwake. Mimi walinitoa vitu vyote. Kitambulisho kikafunguliwa, ua likadondoka.

"Hii iko nini?"

"Tembre, afande. Ya barua."

"Barua iko wapi?"

"Nilisha kuifikisha. Tembre naipeleka kwa mwenyewe."

"Musikie. Anabeba tembre bila barua." Wakacheka. Kamanda wao, mtu mwembamba aliyevaa miwani ya jua iliyopasuka, hakucheka. Aliiokota, akaiinua kwenye mwanga.

"Ruanda," akasoma.

Nilikuwa nimeliona neno hilo siku ya kwanza. Wote tuliliona. Mume wa mama alizipata zile za maua kutoka kwa barua kuukuu za ng'ambo ya mpaka, za zamani hizo Wabelgiji walipotawala huku na huko, na kwenye karatasi waliandika Ruanda-Urundi. Kwa mama lilikuwa ua. Kwangu lilikuwa kitu cha kuulizia maswali. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba nitapita nalo mbele ya watu wanaolala msituni kuipiga vita nchi yenye jina hilo.

"Ruanda-Urundi, afande," nikasema. "Iko ya zamani sana, wakati wa Babeleji. Inchi hiyo hata haiko tena."

"Urundi pia?" Akawageukia wenzake. "Inchi mbili kwa mufuko moja. Huyu anapokea mushahara mara mbili."

Kitako cha bunduki kilinipata mdomoni kabla sijajua aliyekishika ni yupi. Nikaanguka. Wakanipiga mbavuni na magotini. Mmoja alinikanyaga vidole akivisaga kama anayezima sigara. Nilisikia jino likitembea juu ya ulimi. Walitaka jina la aliyenituma, idadi ya askari, njia watakayopita. Nilisema mama, stempu, muhogo, na kila nilivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama uongo wa mtu aliyefundishwa. Walinikunja viwiko nyuma, wakavifunga mpaka kifua kikataka kufunguka. Mmoja akaanza kunoa panga kwenye jiwe, bila haraka, akitema mate juu ya jiwe.

Kamanda akachuchumaa. "Fungua kinywa. Kula inchi yako."

Akanitia stempu juu ya ulimi. Nilijaribu kuibana shavuni. Aliniona, akanipiga kofi.

"Tafuna."

Nikatafuna. Ilikuwa na ladha ya muhogo, gundi na damu yangu. Nikameza, na jino likaenda nayo.

Wakati huo mama mmoja mwenye beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, alikuwa amesimamishwa kwenye kamba. Wapiganaji walimjua, alikuwa anawapikia mara nyingine. Alinitazama pale chini muda mrefu.

"Ule munamupigia nini?"

"Mupelelezi, mama."

"Ule?" Akashusha beseni. "Ule namujua tangu anakojoa kitandani. Mutoto wa Fizi. Alipotea njia ya shule, mpaka leo anaitafuta. Mama yake alikufa akimutafuta kwa ajili ya chumvi, alimutuma dukani akaenda Kalemie. Mupelelezi gani? Ukimutuma aangalie kambi, atarudi na habari ya mbuzi."

Mmoja akacheka, akajizuia. Kamanda aliniuliza kama ni kweli kuhusu chumvi. Nikasema ni kweli. Akamuuliza yule mama wa ndagala baba yangu alikuwa nani, akajibu, na juu ya jibu hilo akaongeza matusi ya ukoo wetu yanayojulikana na watu wa Fizi tu. Wakanikata kamba, wakamwachia na motari. Mwenye panga alikasirika. Akanichanja begani kidogo, ili, alisema, asiwe amenoa bure. Yule aliyelala pembeni na bado anapumua alinitazama. Sikuweza kumsaidia. Tulipokuwa tumefika mbali kidogo tulisikia risasi moja.

Motari alinishusha mwanzo wa Baraka. "Usipande tena pikipiki yangu," akasema, akaondoka.

Uani kwa mama nilikuta mashemeji wawili wamekaa na majirani. Walikuwa wamesikia boti imerudi. Mama alitazama mkono wangu kwanza, si uso.

"Tembre iko wapi?"

"Walinilisha barierani. Nimeimeza."

Shemeji mkubwa akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyepata alichokuja kuchukua. "Basi, shemeji," akasema. "Tulete wembe."

Mama akashika mchi. Alinipiga bega lililochanjwa, akanipiga paja, akanifuata nilipojiviringisha. "Uliitupa ziwani. Ulikunywa pombe Mboko, ukapigana na balevi, ukaniletea kinywa hiki. Mutoto wangu amekufa na we unakuya na hadithi ya kumeza." Nilimwambia nimemwona, mrefu, anakata kuni. "Barefu iko bengi," akajibu, akapiga. Majirani walimshika, akawatupa. Shemeji alikuwa ameshamtuma mtu wembe.

Nikasema basi. Sikutaka kulisema na watu wamesimama pale, lakini wembe ulikuwa unakuja.

"Alisema ulimwona amevunjika mguu. Alikuita ukageuka. Ulikuwa na sufuria kichwani, hukuitua."

Mchi ulibaki juu. Nilijikinga, haukushuka. Majirani walimtazama, kisha wakatazama chini. Shemeji mkubwa akafungua mdomo, mama akamwonyesha mchi, akaufunga.

Alikaa juu ya kinu kilichopasuka. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

"Zilikuwa mbili," akasema. "Moja ndani ya ingine. Nyumba yote iliungua, nikaona nitampikia na nini."

Hakumwambia mtu yeyote hasa. Wembe ukaletwa, mwenye kuuleta akasimama nao asijue ampe nani. Mama hata hakuuona. Alinigeukia, akatazama mdomo wangu uliovimba, akapangusa damu kwa pindo la kitenge chake kwa nguvu, hadi ikauma.

"Muguu," akasema. "Anatembea?"

"Anakimbia," nikamwambia. "Alinikimbiza na shoka."