Bibi wa Miaka Ishirini na Nne

Nilikwenda Bunia nikiwa na shahada ya Kiswahili. Nataja hilo mapema ili msomaji ajiandae kucheka. Nilikuwa nimefaulu ngeli zote, nikaamini kwamba palipo na watu wanaosema Kiswahili mimi siwezi kupotea. Kanisa letu la Bukoba lilinipatia nafasi ya mwaka mmoja katika chuo cha huko, nijifunze Kifaransa. Vita vya mkoa ule wa Ituri vilikuwa vimeshaanza, lakini tuliambiwa viko vijijini, kana kwamba vijiji ni nchi nyingine.

Nilipangiwa kukaa kwa familia iliyohamia kutoka Butembo. Baba aliuza vitambaa sokoni. Mama alishona nguo barazani kwa cherehani ya kukanyaga, na alikuwa mwaminifu kiasi cha kuwarudishia wateja hata vipande vilivyobaki. Binti yao wa miaka kumi na miwili alijipa kazi ya kunisahihisha. Jioni ya kwanza, mbele ya ugali wa muhogo na sombe, kisamvu cha huko, Mama akaniuliza:

"Mutoto yangu, kule kwenu uliacha nani?"

"Nimemwacha bibi," nikasema. Bibi, mama yake mama yangu, ndiye aliyenilea tangu nina miaka mitatu.

"Eh! Kumbe uko na bibi!" Baba akaweka tonge chini. "Iko na miaka ngapi?"

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba Kifaransa nimeshakianza. "Quatre-vingts," nikajibu. Yaani themanini.

Wakatazamana. Binti, aliyeniita Yaya kama kaka yake mkubwa, akanihurumia. "Hapana vile, Yaya. Inasemwaka vingt-quatre." Yaani ishirini na nne.

Ningebisha, lakini mtu aliyekuja kujifunza anaanzaje na ubishi siku ya kwanza? "Vingt-quatre," nikarudia, na meza nzima ikafurahi.

Kwetu bibi ni mzazi wa mzazi. Bunia bibi ni mke, na yule wetu wao humwita koko. Nilikaa wiki saba bila kulijua hilo, mimi na shahada yangu. Kanisani Mama alinihamisha kutoka benchi lililokuwa karibu na wasichana wa kwaya, nikadhani ni desturi ya Bunia. Baba naye alinipa ushauri wa kiume.

"Bibi kijana hapana kumuacha peke yake. Atakimbia."

"Atakimbilia wapi, Baba? Hata kisimani siku hizi hafiki."

Alinitazama kwa masikitiko, kama vile ndoa yangu ameshaiona mwisho wake.

Nilimkumbuka bibi kweli, kwa hiyo nilimtaja kila siku. Alizoea kutafuna kahawa, zile punje zilizochemshwa na majani kisha zikakaushwa, na kila niliporudi kutoka safari alinitilia mbili kiganjani, hata kama safari yenyewe ilikuwa ya dukani. Kule Bunia kila nilipoingia mlangoni mkono wangu ulifunguka wenyewe. Mchana niliketi karibu na cherehani, daftari la vitenzi vya Kifaransa magotini, nikiangalia barabara.

"Unamuwaza?" Mama aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ninamuwaza, Mama."

"Ni muzuri. Mwanaume asiyewaza bibi yake, huyo si mutu."

Siku moja akaamua kumshonea blauzi. "Iko munene?"

"Amekonda. Na mgongo umepinda, kwa hiyo mbele uifupishe kidogo."

Mguu ukasimama kwenye cherehani. "Umepinda? Alianguka?"

"Ni uzee tu, Mama. Na shingoni ifunge vizuri. Anasikia baridi sana tangu meno yaishe."

"Meno yote ilikwisha?"

"Yote."

Binti alikuwa akichambua maharagwe pembeni. Akaruka, maharagwe yakamwagika. "Mama, ni koko! Yaya anasemaka koko yake!" Mama akajifunika uso kwa kitambaa cha ile blauzi, mabega yakamtikisika mpaka akaketi sakafuni. Baba alipoelezwa jioni alisema, "Njo maana hawezi kukimbia."

Majirani hawakuambiwa. Mama alisema aibu ya mgeni ni ya mwenye nyumba.

Kisha vita vikasogea. Barabara ya Bogoro ikafungwa. Watu wa vijijini wakajaa uwanja wa kanisa na magodoro na sufuria zao, chuo kikasimama, na sebuleni kwetu tukawa tunalala watu tisa. Asubuhi moja nikaitwa kwenye fonie, redio ya kanisa ambayo mji mzima uliitumia kuulizana nani yuko hai. Ujumbe ulikuwa umetoka Bukoba kupitia fonie ya Kampala: "Bibi mgonjwa sana. Anakuulizia. Fanya haraka." Mwenye fonie, kama kawaida yake, alikuwa ameshausoma kwa sauti mbele ya foleni nzima. Nilipofika nyumbani wanawake wa mtaa mzima walikuwa wameshanipa pole ya mke.

Njia iliyobaki ilikuwa ndege ndogo ya kwenda Entebbe, na orodha ya abiria ilikuwa mikononi mwa mzee mmoja wa kanisa. Mama akavaa kitenge chake cha Jumapili, akanipeleka. Mbele yetu alikuwepo kijana mmoja.

"Koko yangu anakufa kule Kampala, muzee."

"Bakoko tuko nao siye wote," mzee akamjibu, si kwa ukali. "Fasi ni ya wagonjwa, na ya wenye bibi ao bwana ao watoto kule ngambo. Ingine hakuna." Akatugeukia. "Na huyu?"

Nilikuwa nimeshakusudia kusema kweli, na mdomo nilikuwa nimeufungua. Mama akanikanyaga kwa ule mguu wa cherehani.

"Bibi yake iko mugonjwa," akasema. "Anamuuliza kila siku."

Kwa Kiswahili cha kwetu ilikuwa kweli tupu. Lakini Mama alikisema cha Bunia, mbele ya mzee wa kanisa, huku akimtazama machoni, yeye asiyebaki na kipande cha kitambaa cha mtu. Mzee akaandika jina langu. Mimi, msomi wa lugha, sikutamka neno. Yule kijana alikuwa bado amesimama mlangoni.

Kesho yake kwenye uwanja wa ndege nilianza kusema, "Mama, ile jana..."

"Kwenda, mutoto yangu. Usipoteze fasi."

Nilimkuta bibi hai. Alifariki siku ya kumi na mbili. Baada ya mazishi nilisafiri hadi Kampala, kwa watu wa kanisa waliokuwa na fonie, nikatuma: "Bibi amepumzika. Nilimkuta." Jibu lilikuja siku ya pili, mwenye redio akanisomea: "Mama anauliza, koko yako alikutambua?"

Alisema koko, hewani, foleni nzima ya Bunia ikisikiliza, na mzee wa orodha huenda alikuwemo. Nadhani alikuwa anaungama. Nikaanza kueleza, mwenye redio akanikatiza: "Fupisha, kaka, kuna watu."

"Ndiyo," nikasema. "Mwambie ndiyo."

Mwezi uliofuata vita viliingia Bunia penyewe, na fonie ile ikanyamaza. Tangu hapo nimewauliza wafanyabiashara wa Butembo kila nilipokutana nao. Mmoja alisikia kwamba familia ile ilipita njia ya Mambasa. Mwingine alisikia ni njia ya Boga. Aliyewaona kwa macho sijampata, na miaka imekwenda mpaka mimi mwenyewe nimeanza kusikia baridi shingoni.

Jibu refu, Mama, lilikuwa hili. Siku mbili za kwanza bibi aliniita kwa jina la mjomba, aliyekwisha kufa zamani. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nimemshikia bakuli la uji. Akanitazama mikono, kisha uso, akaniita kwa jina langu. Akasema sikukonda kama alivyoogopa, na akataka kujua huko nilikokuwa nilipikiwa na nani. Nikamweleza habari zako, na za sombe, na za cherehani. Alisikiliza mpaka uji ukapoa. Kisha akaniagiza nikushukuru.