Kifua Kilipoacha Kulia

Mume wangu alikuwa fundi cherehani pale Kihesa, na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, miaka ile ya hamsini, nilikuwa namtania: "Bwana wee, umemeza filimbi ya refa?" Anacheka, anakohoa, anaendelea kushona. Ila nisiseme uongo, ule mlio ulinikera. Nilikuwa namwambia anyamaze, kana kwamba alikuwa anajitakia.

Mama mkwe alikuwa mtu wa pwani, na baridi ya Iringa hakuizoea mpaka anaingia kaburini. Kwake kifua kikiuma ni baridi tu, na dawa ya baridi ni moshi. Anafunga madirisha, anatia makaa kwenye chetezo, anamwaga ubani, kisha anamfunika mwanawe blanketi pamoja na chetezo chenyewe. Mpuliza makaa nilikuwa mimi.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba kifua kililia kuliko siku zote. Tukafukiza. Mara kimya, filimbi imekatika. Mama mkwe akainua mikono: "Alhamdulillahi, kimefunguka!" Nilifurahi jamani! Nikaenda kuchukua chai. Niliporudi nikafunua blanketi nimpe kikombe. Midomo imekuwa ya kijivu, mabega yanapanda na kushuka, na hata kuniita hawezi.

Nilipiga yowe. Lori la mbao kutoka Mafinga lilikuwa linapita. Dereva akashuka, tukambeba, tukamkalisha mbele. Mama mkwe alipanda juu ya mbao, yeye aliyeogopa hata upepo wa mlangoni.

Hospitalini mganga alimchoma sindano, akamsikiliza kifua, akangoja. Filimbi ikaanza tena, polepole. Nikaangua kilio: "Amezidiwa!"

"Hajazidiwa," mganga akasema. "Huo mlio ni hewa inapenya kwenye njia iliyobana. Kifua kilipokuwa kimya, hewa ilikuwa karibu haipiti kabisa. Na moshi, mama, basi tena."

Nyumbani mama mkwe alifungua madirisha kwa mkono wake, akajifunga mablanketi mawili, akakaa akitetemeka bila kulalamika. Nilimpenda sana siku ile.

Mume wangu akarudi kwenye cherehani na vidonge vyake mfukoni. Mimi nakaa barazani nachambua maharage, namsikia ndani. Mlio ukipotea, mkono wangu unasimama kwenye ungo.

Siku moja akaniuliza, "Mke wangu, mbona siku hizi huniambii ninyamaze?"

"Thubutu unyamaze," nikamwambia.