Kaa la Moto la Tongoni

Usiponiamini sitakulaumu, mimi mwenyewe ningesimuliwa ningecheka. Lakini haya yalinikuta mchana kweupe, na mwanangu Zuhura nimempakata.

Zuhura alianza kuvilia damu mwilini. Mapajani, mgongoni, alama za rangi ya zambarau, na hajaanguka wala hajapigwa. Homa haikatiki, fizi zinatoka damu. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alimvua nguo akamtazama. "Huyu kafinywa na mashetani," akasema. "Twende Tongoni." Kwetu Tanga nani hajasikia maneno hayo? Nikafungasha kitambaa cheupe, ubani na marashi, tukaenda kumwombea kwenye yale makaburi ya kale, wanakopelekwa wagonjwa wa mashetani.

Tulifika jua la utosi. Ubani tunao, moto hatuna. Mavyaa akaenda nyumba ya jirani kuomba kaa la moto, nikabaki kwenye kivuli cha ukuta, mtoto kalala kwa homa.

"Shikamoo, mama."

Niliitikia marahaba kabla sijatazama. Alikuwa msichana wa kimo cha Zuhura, gauni limepauka, miguu mitupu. Alikitazama kitambaa changu, kisha akapandisha mkono wa gauni. Alama zilezile. Alipofungua mdomo, meno yake yalizungukwa na damu. Niliogopa, nisikufiche.

"Mie sikumfinya," akasema. "Kila anayeletwa hapa husemwa kafinywa. Na mie sikufinywa na mtu. Damu yangu ilikuwa imeharibika. Mpeleke wakampime damu."

Nikajikaza kumuuliza mama yake yuko wapi.

"Kenda kutafuta kaa la moto. Kanambia nisiondoke."

Mavyaa akarudi na kaa lake kwenye kigae, akaniuliza nazungumza na nani. Hapakuwa na mtu. Ila kwenye kitambaa palikuwa na tone la damu mbichi, na Zuhura, wallahi, hakuwa akitoka damu popote.

Nilimbeba mwanangu nikaondoka, mavyaa ananitukana kwa nyuma. Hospitali ya Tanga walimpima, wakatuharakisha Dar es Salaam. Saratani ya damu. Niliposikia nilikaa chini sakafuni nikalia. Yakafuata madripu ya dawa kali, nywele zikapukutika zote, akaongezewa chupa za damu za watu tusiowajua. Daktari alisema ningechelewa kidogo ningemzika. Leo yuko shule, ingawa kliniki bado tunahudhuria.

Alipopata nafuu nilirudi Tongoni, kwenye ile nyumba iliyotupa moto. Nilimkuta bibi kizee anapuliza jiko. Majirani waliniambia moto wake hauzimiki mchana kutwa, na waendao makaburini wote humpitia. Nikamwamkia, nikamsimulia yule msichana na gauni lake lililopauka. Akaacha kupuliza. Hakuniuliza ni nani.

"Bado yupo palepale?" akasema. "Nilichelewa kidogo tu."

Tangu siku ile siwezi kumwacha Zuhura mahali nikamwambia anisubiri. Hata nikienda dukani kununua chumvi namvuta mkono, na sasa kawa mkubwa, anaona haya mbele ya wenzake. Na aone.

Wewe unayenisikiliza, ukiona mwanao anavilia damu bila kuumia, homa haikatiki, fizi zinatoka damu, mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Ubani utaukuta. Usimwache mtoto akakungoja.