Ziwa Ilijibu Bila Kebo

Nakhumicha alikuwa na sharti moja: hatii sahihi ripoti ya hitilafu kabla hajaifuata njia mwenyewe hadi inapokatika. Kwa miaka kumi na moja akiwa fundi wa mtandao wa chama cha wafugaji mjini Eldoret, hakulivunja.

Jumatano moja meneja wake, Bethwel, alimletea ripoti iliyokwisha kuchapwa. Ilisema laini ya Ziwa, kituo kimojawapo cha kupokea maziwa, ni nzima, na kwamba Simeon, karani wa huko, anadanganya kuwa mtandao umekatika ili asipokee maziwa. Mizani ya Ziwa haifanyi kazi bila mtandao. Maziwa ya wakulima yalikuwa yameharibikia kwenye foleni siku tatu mfululizo. Sahihi ya fundi ikipatikana, Simeon angefutwa kazi.

Bethwel alikuwa na ushahidi. Kwenye kompyuta ya ofisi aliandika ping, amri ya kuuliza kama mashine ya mbali iko hewani. Ziwa ikajibu mara nne.

Nakhumicha akampigia Simeon simu, akaiweka spika, akamwambia achomoe kebo.

"Nimechomoa, madam. Hii hapa mkononi."

Akaandika amri ileile. Ziwa ikajibu mara nne.

"Basi hii kebo imeokoka," Simeon akasema.

Ukiandika jina la amri, kompyuta haitafuti kila mahali. Ina orodha ya folda, inazipitia kwa zamu, na programu ya kwanza yenye jina hilo ndiyo inayofanya kazi. Nakhumicha aliandika where ping, akatajiwa programu mbili za jina hilo na folda zake. Ile halali ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikaa kwenye folda iliyopachikwa mbele ya orodha Jumapili, kwa akaunti ya Bethwel: mistari mitano ya kusema Ziwa imejibu, hata kama Ziwa imeteketea.

Simeon aliporudisha kebo, Nakhumicha aliita ping halali kwa anwani yake kamili. Kimya. Akaandika tracert, inayotaja kila kituo ambacho ujumbe unapitia. Ujumbe uliishia kwenye rauta ya pili, kifaa cha kuelekeza ujumbe, iliyokuwa ikiupeleka Kesses, kwenye ofisi iliyofungwa. Bethwel ndiye aliyebadilisha njia hiyo, Jumapili ileile.

Wako watakaosema uongo wa mistari mitano si kitu. Muulize aliyemwaga maziwa yake.

"Wewe ni fundi, si hakimu," Bethwel alimwambia. "Saini, mambo yaishe."

"Saini wewe. Mimi nimeona inapoishia."

Alirekebisha njia, akachapa matokeo yote, akatia sahihi yake, kisha akaenda Ziwa kuyabandika kwenye mlango ambapo wakulima husoma kilo zao.

Simeon yuko kazini. Nakhumicha aliachishwa kazi Ijumaa hiyo kwa kumkaidi mkubwa wake, na hadi leo hajapata kazi nyingine ya ufundi.