Mizinga ya Barabarani

Mume wangu hali asali. Mtu ambaye hata wauza vocha humwita Bwana Nyuki, akiwekewa asali mezani anageuka kutazama ukuta. Wageni wetu hudhani inamdhuru. Inamdhuru kweli, ila si tumboni.

Kazi yake ni kusimamia mradi wa kuhifadhi tembo. Usidhani anashinda porini. Anashinda ofisini, kwenye chumba chenye feni inayolalamika na ramani iliyopauka, akiandika mpango kazi, taarifa ya robo mwaka na maombi ya fedha. Tembo anamwona mara chache kuliko anavyomwona mhasibu. Simcheki. Bila hayo maandishi askari wa wanyamapori hawapati mafuta ya gari, na gari likilala, majangili wanaamka. Ni kazi ya maana na anaiweza, maana ulimi wake unamtoa nyoka pangoni.

Ana dada mmoja tu, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Shamba la wifi yangu huyo liko bondeni, mwisho kabisa, kando ya mto, na hapo ndipo tembo wamepita tangu enzi na enzi. Mume wangu alikua akilala kwenye kichanja cha kulindia mahindi, yeye na dada yake wakigonga madebe mpaka mikono inakufa ganzi. Kwa hiyo asije mtu akakwambia hakujua tembo wanapita wapi.

Siku moja zikapatikana fedha za uzio wa mizinga. Ni jambo rahisi: unasimamisha nguzo, unatundika mizinga ya nyuki kati yake, unaiunganisha kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, na tembo pamoja na ukubwa wake wote anakimbia, kwa kuwa hapendi kuchomwa machoni wala ndani ya mkonga. Fedha zilitosha upande mmoja tu. Kwenye ramani ya kwanza, aliyoitandika juu ya meza yetu ya chakula, alichora mstari bondeni.

Kisha akaja mwakilishi wa wafadhili, mama mpole tuliyemzoea kwa jina la Mama Kofia. Aliuliza kama wageni wake wataweza kuuona huo uzio katika ziara ya nusu siku. Aliuliza tu. Sasa, bondeni gari halifiki. Barabara inapita juu, na kutoka hapo ni mteremko wa miguu, wa kushika vichaka usije ukaserereka. Mama Kofia alipoondoka, mume wangu alichukua kifutio, akafuta mstari wake, akachora mwingine kando ya barabara.

"Na dada?" nikamuuliza.

"Dada yumo kwenye awamu ya pili. Wageni wakiona, wakipiga picha, fedha zinakuja mbio. Bila picha hakuna awamu ya pili, mke wangu."

"Na tembo wameshaelezwa habari za awamu?"

Alicheka, nami nikacheka. Lilikuwa kosa la watu wa miradi tu. Mkulima wa kawaida hawezi kulifanya hata akilewa. Mkulima anaweka boma pale mnyama anapoingilia. Mume wangu aliliweka pale mgeni anaposhukia.

Uzio ulisimama, na nyuki wa barabarani walipigwa picha kuliko maharusi. Mashamba ya huko juu hayakupoteza hata hindi moja. Lakini tembo hawakuhama dunia. Waliokuwa wakipita juu walizunguka wakaungana na wa chini, wote wakashukia bondeni. Jirani wa wifi, fundi baiskeli asiyejua kumung'unya maneno, alimwambia uso kwa uso, "Mdogo wako kawawekea uzio watu wa kwenye lami. Sisi katuletea tembo."

Wifi alimjia juu. "Mdogo wangu hapangi, wanapanga wenye pesa. Angekuwa na uwezo, angeanza na mimi. Wewe ni mnafiki."

Tangu hapo wakanuniana, majirani waliokuwa wakiombana moto na chumvi miaka yote. Mume wangu aliyajua hayo, kwa sababu wifi mwenyewe alimsimulia, tena kwa kujivuna, akimshika kichwa kama mtoto. Alirudi nyumbani siku hiyo akaniambia ana aibu mpaka anaiogopa mikono ya dada yake. "Ananivika kilemba cha ukoka," alisema, "na hajui kwamba ni ukoka."

Mahindi yalipokomaa, tembo waliingia shambani kwa wifi. Alitoka na debe lake, akagonga, hawakujali. Mmoja alipomgeukia akakimbia, akaangukia mtaroni, nyonga ikavunjika. Shamba likaliwa lote. Alipotoka hospitali shule zilikuwa zimefungwa, nami ni mwalimu, basi nikashuka bondeni kumuuguza.

Nikiwa huko huko, Mama Kofia akaleta wageni kuja kuona mafanikio. Mume wangu hakuwaishia barabarani. Aliwateremsha bondeni kwa miguu, na viatu vyao vyeupe, hadi uani kwa dada yake. Nilikuwa nimeshika kikombe, namnywesha chai. Mume wangu akasimama katikati yetu akazungumza Kiingereza, na kwa kuwa ndicho ninachofundisha, hakuna neno lililonipita. Alisema uzio ulipaswa kuwa hapa. Alisema yeye ndiye aliyeuhamishia barabarani ili wageni wauone, na hakuna aliyemwamuru. Alisema huyu aliyekaa na mguu umenyooshwa ni dada yake. Sauti yake haikutetemeka, nami nikaona fahari kuolewa naye.

Mama Kofia alivua kofia. Alimgeukia wifi, kisha akamuuliza mume wangu, "Na dada yako anasemaje?"

Wifi naye akauliza, "Wanasemaje hao?"

Mume wangu alinitazama, akautazama ule mguu. "Wanakupa pole, dada. Nimewaambia uzio uje huku."

"Nilijua," wifi akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilimwambia yule fundi. Waambie nashukuru. Waambie mdogo wangu amenipigania."

Mume wangu akawageukia wageni. "Anasema asante," akatafsiri.

Niliuma ulimi mpaka ukaniuma. Dada ni wake na kosa ni lake. Nikimsemea mimi, yeye atakuwa hajasema.

Mama Kofia alikwenda akapigania fedha kwa wenzake, na awamu ya pili ikaja kweli. Mizinga ikatundikwa bondeni, tembo wakatafuta njia nyingine mbali na mashamba, na nyuki wa wifi wakafanya kazi. Kila alipovuna, chupa ya kwanza ilikuwa ya mdogo wake, imefungwa kwa kitambaa alichokichana kwenye nguo yake ya zamani. Mume wangu aliondoka nyumbani Jumamosi akiapa, "Leo namwambia." Alirudi na chupa. Mavuno mengine, kiapo kingine, chupa nyingine. Zote alizipanga kabatini, rafu ya juu, wala hakufungua hata moja. Alikonda. Siku moja nilimsikia bafuni amefungulia bomba la maji kwa nguvu, na maji hayakuwa yanamwagikia kitu, yalikuwa yakifunika kilio.

"Mficha uchi hazai," nilimwambia alipotoka.

"Nikimwambia, atabaki na nani? Ana mimi tu."

"Hana wewe. Ana huyo anayemsifia, na huyo humu ndani simjui."

Alivaa akaenda kazini kuandika taarifa.

Kisha wifi akaja kwetu kwa ajili ya kuonana na daktari wa mifupa. Asubuhi, kabla sijamaliza kuwasha jiko, alijikongoja hadi kabatini kutafuta sukari. Nikasikia mlango wa kabati ukifunguka.

"Wifi," aliniita. "Asali yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya wowote, wifi. Muulize mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa mlangoni, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alitazama zile chupa, akamtazama dada yake, na nikajua kwamba maneno yamemwishia yule mtoa nyoka pangoni.

"Uzio niliuhamisha mimi, dada," alisema. "Ulikuwa uje kwako, nikauweka barabarani ili wageni wauone, kwa kuwa gari halifiki kwenu. Hakuna aliyenilazimisha. Na siku wale wageni walipokuja niliwaambia wao kila kitu, wewe nikakuficha."

Wifi hakupaza sauti. Alivuta kiti akakaa polepole, kama anavyokaa tangu aumie, akauegemeza mkongojo mezani.

"Ungeniambia siku ile, ningekukasirikia siku ile, yakaisha," alisema. "Mguu ni mguu, hata mtelezo ungeweza kuuvunja. Lakini yule fundi nimemnunia mpaka leo. Mkewe alijifungua, sikwenda. Alifiwa na mama yake, nilipita mlangoni kwake nikatazama mbele. Mtu alisema kweli, nikamwita mnafiki kwa ajili yako."

Mume wangu akapiga magoti. Alikuwa analia waziwazi, nami sikumnyamazisha, kwa sababu alikuwa amechelewa kulia.

"Nisamehe, dada."

"Inuka. Wifi, nipe kikapu."

Nilimpa kile kikubwa cha sokoni. Akashika mkongojo akasimama, akaanza kushusha chupa moja moja, akizifuta vumbi kwa kiganja, akizipanga na magazeti katikati zisigongane. Hakuacha hata moja.

"Hizi ni za fundi, na za wote waliosema kama yeye nikawafunga midomo," alisema. "Daktari atanisubiri wiki ijayo. Utazibeba wewe, na kila mlango utasema wewe, kama ulivyowaambia wale wageni. Mimi nitakuwa nyuma yako, nisikie unavyotafsiri."

"Sawa, dada." Alivaa kiatu cha pili, akajifuta uso, akachukua funguo za gari la mradi ukutani. "Twende nikupeleke."

"Rudisha funguo, tutapanda basi," wifi akamwambia. "Gari halifiki kwetu. Si ndivyo ulivyosema?"

Akazitundika mahali pake, akakiinua kikapu begani, akatoka.