Mzee Aliyekatwa Miguu na Kompyuta

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye duka la kutolea nakala pale Mkuza, Kibaha. Ukutani palikuwa na picha ndefu ya mashamba ya Msimbu, kule Kisarawe. Mwenye duka, mpiga picha wa makamo, alitueleza tuliokuwa kwenye foleni kwamba alipiga picha mia mbili kutoka kilimani, kompyuta ikaziunga zikawa moja. Ukiikuza kwenye kompyuta, unaona hata mpini wa jembe.

Mama mmoja mtu mzima akasogea, akaweka kidole kwenye shamba la mihogo.

"Huyu mume wangu. Mbona hana miguu?"

"Shikamoo mama. Alikuwa anatembea wakati napiga. Picha zilipoungana, nusu yake ikapotea. Nataka kumfuta, anaharibu."

"Marahaba. Usimfute, mwanangu. Tumemzika juzi tu, na nyumbani tuna ile ya kitambulisho basi."

Mpiga picha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akakaa kwenye kompyuta na kufungua zile picha mia mbili, moja baada ya nyingine. Foleni nzima tulisubiri. Mwishowe mzee akatokea mzima, kofia kichwani, mkono juu.

"Alikuwa anamwita nani?" mpiga picha akauliza.

"Mimi," mama akasema. "Nilikuwa nimemletea maji."

Akachapiwa picha hiyo, akaondoka nayo kifuani.

Juzi nilipita tena. Picha kubwa iko palepale, na mzee hana miguu.

"Hukuirekebisha?" nikamuuliza mpiga picha.

"Wateja wananiambia hapo pana kosa," akajibu. "Nawaambia hapo pana mtu."