Kabula Alipoinua Shingo

Juzi, huko Mwanza, daktari alinionyesha picha ya kifua cha mjukuu wangu. Mbali na tundu kwenye moyo lililotupeleka hospitali, mshipa mkubwa wa damu ulikuwa umezunguka njia ya hewa na ya chakula kama pete. "Ndiyo maana anainua shingo, bibi," alisema. "Anatafuta hewa."

Nikamkumbuka mdogo wangu Kabula.

Alasiri moja ya utoto wetu, kengele ya shamba la ujamaa ilikuwa imeshalia, na mama alikuwa ametangulia kuchuma pamba. Mimi niliachiwa Kabula nimlishe. Nyumba ilinuka moshi na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Kila Kabula alipopumua, kifua kilitoa mlio kama wa jogoo mchanga, na watoto wa jirani walimwita Kajogoo. Akimeza tonge moja, aliinua shingo akatazama paa la nyasi.

"Wee ng'waniki, msichana wewe, unahesabu nyasi?" nikamwambia. "Watatusema wavivu."

"Ngoja, dada. Kidogo tu."

Niliamini anaringa. Nikamshika kisogo, nikamwinamisha juu ya bakuli mpaka chakula kikaisha. Alikohoa na machozi yakamtoka, lakini hakuusukuma mkono wangu.

Hakufa siku ile. Alikufa baadaye, mvua zilipoanza, na watu wakasema ni kifua. Mama sikumwambia kitu, hata alipozeeka. Ila tangu alasiri ile, kila Kabula aliponiona nakuja na chakula, aliinamisha kichwa mwenyewe.